Mama wa Kijiji na Wanawe Walioachwa Nje

Hekalu la Mariamman katika kijiji cha Tamil Nadu, kusini mwa India, aghalabu halizidi chumba kimoja. Kuta zake zimepakwa chokaa na kuchorwa mistari myekundu na myeupe. Mlango ni mfupi, hata mhudumu huinama anapoingia. Mbele yake umesimikwa mkuki wa ncha tatu, na kila ncha imechomekwa limau. Pembeni upo mwarobaini. Kwenye matawi yake wanawake wamefunga vitambaa vya manjano na bangili za kioo, kila kimoja na haja yake: mtoto asiyepatikana, mume aliye safarini, homa isiyoshuka. Ndani, kwenye mwanga hafifu wa taa ya mafuta, limesimama jiwe lililosiribwa manjano na kuvishwa sari nyekundu. Huyo ndiye mungu wa kike wa mvua na wa ndui. Wenyewe humwita Mama, basi.

Mgeni anaweza kupita hapo asigeuze shingo, maana Tamil Nadu ni nchi ya mahekalu makubwa. Lile la Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010 zama za mfalme Rajaraja wa Kwanza, lina mnara wa mita zipatazo 60. Lakini mkulima hafungi safari ya Thanjavur mtoto wake anapowaka homa usiku wa manane. Huenda kwa Mama, hatua chache kutoka nyumbani. Serikali ya jimbo, kupitia idara yake ya mahekalu na wakfu wa Kihindu, inasimamia mahekalu zaidi ya 36,000, na mengi yake ni madogo yasiyo na kipato. Hata umewekwa mpango maalumu wa kuyasaidia yapate angalau ibada moja kwa siku. Na bado yapo mengine tele yasiyo chini ya idara hiyo, yanayotunzwa na ukoo, mtaa au kijiji chenyewe.

Ni hayo madogo ninayotaka kuyatafakari. Kwa muda mrefu nimejiuliza ni nini hasa kinachokifanya chumba kimoja cha matofali kiwe moyo wa kijiji kizima. Jibu la haraka ni imani. Sidhani kwamba linatosha. Watu wanaoamini jambo moja wanaweza kukaa miaka nenda miaka rudi bila kujuana. Hekalu dogo huwakusanya watu kwa sababu linawadai kazi. Linamtaka mfinyanzi, linamtaka seremala, linamtaka mpiga ngoma, mwanamke wa kupika uji na kijana wa kubeba kuni. Na kwa kuwa linadai kazi ya kila mkono, ipo haki moja ambayo haliwezi kuikwepa: mkono unaotoa kazi lazima uruhusiwe kuingia. Hapo ndipo utukufu wa hekalu la kijiji ulipo, na hapo hapo ndipo ilipo aibu yake.

Nianze na mhudumu. Katika mahekalu makubwa ibada kwa desturi huongozwa na Wabrahmini, watu wa tabaka la makuhani, kwa Kisanskriti. Kwa Mama wa kijiji, mara nyingi mhudumu ni mkulima au mfinyanzi, mtu wa tabaka ambalo kwa karne nyingi halikuruhusiwa hata kugusa mlango wa ndani wa hekalu kubwa. Asubuhi yuko shambani na ng'ombe wake. Jioni anaoga, anafungua kufuli, anawasha kafuri, anagonga kengele. Anazungumza Kitamili kilekile anachonunulia chumvi dukani. Watu nao humsemesha Mama kwa lugha hiyohiyo. Humwomba, humlalamikia, na mvua ikikawia humgombeza waziwazi kama mtu anavyogombana na mzazi anayempenda. Ana kwa ana na jiwe lile, mwanamke asiyeweza kusema neno mbele ya baba mkwe wake husema yote.

Lakini Mama huyu si mpole tu. Kwa mawazo ya wazee wa Kitamili, ndui yenyewe ilikuwa ni ujio wake. Mgonjwa alipotokwa na vipele, ilisemekana Mama ameingia nyumbani, kwa hiyo nyumba ilipaswa kumpokea kwa adabu. Mlangoni yalitundikwa matawi ya mwarobaini. Wageni hawakuja. Jikoni hapakukaangwa kitu. Mgonjwa alilazwa juu ya majani ya mwarobaini, akanyweshwa vitu vya kupoza mwili, akasemeshwa kwa sauti ya chini kwa kuwa mwilini mwake alikuwamo aliye mkubwa. Alipopona aliogeshwa maji ya manjano na mwarobaini, ndipo mlango ukafunguliwa kwa majirani.

Ukiitazama desturi hiyo kwa haraka, utaiita ushirikina. Ukiitazama kwa utulivu, utaona kwamba mgonjwa alitengwa bila kutupwa. Tawi la mlangoni liliwaonya majirani wasiingie, na papo hapo likawafahamisha kwamba aliyelala ndani anastahili heshima. Si kila jamii iliyokumbwa na ndui iliweza kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Ndui ilikomeshwa kwa chanjo, wala tusiseme vinginevyo. Nchini India mgonjwa wa mwisho alipatikana Mei 1975. Duniani kote, mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya asili alikuwa kwenye mwambao huu wetu wa Bahari ya Hindi: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, Oktoba 1977. Mwaka 1980 dunia ikatangaza kwamba ndui haipo tena. Mama hakuondoka pamoja nayo. Hadi leo mtoto akipata tetekuwanga au surua, tawi la mwarobaini hutundikwa, na watu huelewa.

Uji ndio unaonigusa zaidi. Mwezi wa Aadi wa kalenda ya Kitamili, unaoanza katikati ya Julai na kuishia katikati ya Agosti, ni mwezi wa Mama. Ndio wakati wa kupanda, na mkulima huwa na shughuli moja tu, kutazama mawingu. Mwezi huo vijiji vingi hummiminia Mama uji wa ulezi. Unga hulowekwa usiku kucha hadi uchachuke, kisha hupikwa pamoja na chenga za mchele mpaka uwe mzito. Ukishapoa huchanganywa na mtindi na chumvi, ukakatiwa vitunguu vidogo vyekundu. Kila nyumba hupika wake. Asubuhi wanawake hutoka na vyungu vichwani, vimevikwa majani ya mwarobaini shingoni, wakaandamana hadi hekaluni. Pale lipo pipa au sufuria kubwa moja. Kila chungu humiminwa humo.

Hebu tulitazame sufuria hilo kwa karibu. Uji wa mwenye mashamba ya mpunga na uji wa kibarua asiye na kiwanja vimekwisha kuchanganyika. Ulio mwepesi umepata wa kuuzidisha uzito, uliochachuka mno umepata wa kuupunguza ukali. Hakuna anayeweza tena kuonyesha kidole na kusema huu ni wangu. Baada ya Mama kupewa sehemu yake, upawa huingia, na watu hujipanga na vikombe, bakuli na ndoo ndogo. Pembeni kuna mboga ya mlonge na mchuzi wa samaki mkavu. Watoto hunywa wakarudi mstarini tena, na hakuna anayewafukuza.

Ulezi huo, msomaji, umetoka kwetu. Asili yake ni nyanda za juu za mashariki mwa Afrika, kati ya Ethiopia na Uganda, na ulivuka kwenda India zama za kale sana, kabla ya falme tunazozisoma vitabuni. Mwarobaini nao ulikuja upande wetu kutoka kwao. Nafaka ya huku ikawa sadaka ya kule, na mti wa mlangoni mwa Mama ukawa dawa ya nyuani kwetu. Sikumbushi hayo ili tujivune. Ninataka tuache kulitazama hekalu hilo kama jambo la watu wa mbali wasiotuhusu.

Sherehe kubwa ya mwaka ndiyo inayoonyesha wazi jinsi kazi inavyogawanywa. Wazee hukutana, wakakubaliana siku, wakapanga mchango kwa kila kaya. Mchango huo si hiari. Kijana akioa na kuanzisha nyumba yake, naye huanza kudaiwa, na kwa kudaiwa ndipo anapohesabiwa kuwa mtu kamili wa kijiji. Kisha hufungwa uzi uliopakwa manjano kwenye kifundo cha mkono wa mhudumu, na kuanzia hapo sherehe imefunguliwa. Desturi katika vijiji vingi ni kwamba uzi ukishafungwa, mwenyeji halali nje ya kijiji mpaka shughuli imalizike. Waliokwenda Chennai, Tiruppur, Singapore au Dubai kutafuta riziki hurudi wakiweza, na wasioweza hutuma fedha. Wapo wanaokiona kijiji mara moja tu kwa mwaka, nayo ni wakati huo.

Na kabla uzi haujafungwa, ugomvi lazima usuluhishwe. Kwani sherehe ina heshima zake: nani apewe majivu matakatifu kwanza, nani afungwe kilemba cha hekalu, ukoo gani ushike kamba ya kuvutia gari linalombeba Mama mbele ya wengine. Ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba hawawezi kusimama pamoja kupokea heshima hizo bila kwanza kuzungumza. Mara nyingi baraza la wazee hukaa chini ya mti wa hekalu usiku baada ya usiku, si kwa sababu ya dini, bali kwa sababu ya kisima, mahari au deni. Wakishindwa kuelewana, sherehe huahirishwa. Sherehe isipofanyika, kijiji kizima hujua ni nani na nani waliokataa kupatana. Aibu hiyo huponya mengi ambayo mahakama ingeyachukua miaka. Huponya, na pengine huonea pia, kwa kuwa mnyonge naye hulazimika kukubali asichokiridhia ili asiitwe mharibifu wa sherehe.

Pembezoni mwa kijiji, mara nyingi karibu na tuta la bwawa la kumwagilia mashamba, huwapo Ayyanar, mlinzi. Inaaminika kwamba usiku hupanda farasi akauzunguka mpaka, akifukuza wezi na maradhi. Kwa hiyo anahitaji farasi, na farasi wake ni wa udongo. Katika wilaya kama Pudukkottai na Sivaganga, kazi hiyo ni ya wafinyanzi wa jamii ya Velar, ambao pia ndio wahudumu wake. Wanakijiji humpa mfinyanzi konzi moja ya udongo. Hiyo konzi ndiyo hati ya makubaliano. Akishaipokea, ameahidi, na kijiji kimeahidi kumlipa.

Huanza na miguu minne, kila mmoja bomba nene la udongo uliokandwa pamoja na mchanga na makapi ya mpunga. Juu yake hujenga kiwiliwili, pindi juu ya pindi, ndani kukiwa kutupu. Hawezi kuharakisha. Sehemu ya chini ikiwa bado mbichi na akaongeza ya juu, uzito utaiporomosha kazi yote, kwa hiyo hungoja ikauke kiasi, akaongeza, akangoja tena. Kisha shingo, kichwa, masikio yaliyosimama, njuga za kifuani, lijamu na matandiko. Farasi wengine humzidi mtu kimo. Huchomwa kwa majani makavu na samadi. Siku ikifika, wanaume hubeba farasi hao kwa miguu kutoka kwa mfinyanzi hadi kwa Ayyanar, wakawapanga safu mbele yake. Na hapo huachwa. Hawafunikwi, hawakarabatiwi. Mvua huwapiga, jua huwapasua, mizizi huwaingia tumboni, mpaka warudi kuwa udongo. Mzunguko mwingine ukija, mfinyanzi hupewa konzi nyingine. Uzuri wa desturi hiyo ni kwamba hairuhusu kazi ya mfinyanzi imalizike. Kijiji humhitaji tena na tena, na mwanawe baada yake.

Wanawake nao wana kazi yao isiyofanywa na mtu mwingine. Siku chache kabla ya kilele cha sherehe hupanda nafaka na kunde za aina mbalimbali kwenye vyungu vya mbolea, wakaviweka gizani, wakavimwagilia na kuviimbia jioni jioni. Miche huchipua mirefu, ya kijani kilichofifia kuelekea manjano. Siku ya siku hubebwa vichwani katika maandamano, wanawake wakicheza duara na kupiga makofi, kisha hutoswa bwawani. Katika wilaya za kaskazini, penye mahekalu ya Draupadi, malkia wa utenzi wa kale wa Mahabharata, usiku kucha huchezwa tamthilia ya uwanjani, wachezaji wakiwa na mataji makubwa ya mbao na nyuso zilizopakwa rangi, mpaka alfajiri. Mzee asiyejua kusoma huijua Mahabharata kwa mapana na marefu, maana ameitazama tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake.

Katika mahekalu mengi ya Draupadi yupo mlinzi ambaye watu wa mbali hawangemtarajia. Anaitwa Muttal Ravuttan, naye ni Mwislamu. Masimulizi humweleza kuwa mtu aliyejitoa kumtumikia Draupadi, akapewa nafasi ya kulinda mlango wake. Ana kibanda chake au jiwe lake, na ana sadaka zake. Karne kadhaa za kuishi pamoja, za wapanda farasi na wafanyabiashara wa Kiislamu waliokaa nchi ya Watamili, zimehifadhiwa hapo, na hakuna kitabu kilicholazimika kuwaamuru watu wafanye hivyo. Kijiji kilimwona mgeni, kikamtafutia mahali.

Basi kama kijiji kiliweza kumtafutia mahali mgeni wa dini nyingine, kwa nini kilishindwa kumfungulia jirani wa ng'ambo ya barabara? Hapa ndipo pagumu, na tafakari inayopakwepa haina maana. Kijiji cha Kitamili kwa desturi kimegawanyika sehemu mbili. Upande mmoja wanakaa wenye mashamba na mafundi. Upande wa pili, nje kidogo, wanakaa Wadaliti, watu ambao mfumo wa matabaka ya kuzaliwa uliwahesabu kuwa wenye kunajisi. Hao ndio waliopiga ngoma ya sherehe. Pasipo ngoma yao Mama hatoki, maandamano hayaanzi, wala anayepandwa na Mama hapandwi. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, mikono ikachubuka, akatunzwa nje ya uzio. Uji wake haukumiminwa kwenye sufuria la wote. Gari la Mama lilizunguka mitaa yote, likageuzia kwenye kona ya mtaa wake.

Dhuluma hiyo haikuvumiliwa kimya. Mwaka 1924 huko Vaikom, katika ufalme wa Travancore ambao leo ni sehemu ya Kerala, watu walianza mgomo wa amani wakidai haki ya kupita tu kwenye barabara zinazolizunguka hekalu. Periyar E. V. Ramasamy, mwanamageuzi wa Kitamili, alifungwa kwa kushiriki, na Gandhi alifika mwaka uliofuata. Tarehe 12 Novemba 1936 mfalme wa Travancore akatangaza kwamba mahekalu ya ufalme wake yako wazi kwa Wahindu wote. Tarehe 8 Julai 1939 kundi dogo likiongozwa na A. Vaidyanatha Iyer, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Mbrahmini, liliingia hekalu la Meenakshi mjini Madurai pamoja na Wadaliti. Katiba ya India iliyoanza kutumika mwaka 1950 ikaufuta utaratibu wa kuwafanya watu najisi na kuifanya desturi hiyo kuwa kosa la jinai.

Kwenye mahekalu makubwa ya mijini, milango ilifunguka. Ni kwenye hekalu dogo, ambako kila uso unajulikana na kila jina lina mtaa wake, ndiko ilikogoma. Januari 2023, katika kijiji cha Thenmudiyanur, wilaya ya Tiruvannamalai, familia za Wadaliti ziliingia hekalu la Mariamman la kijiji chao wakiwa wamebeba vyungu na maua, chini ya ulinzi mkubwa wa polisi, baada ya miongo mingi ya kuzuiwa. Mwaka huohuo huko Melpathi, wilaya ya Villupuram, mvutano kama huo kwenye hekalu la Draupadi uliwafanya maofisa walifunge na kulitia lakiri mwezi Juni. Lilifunguliwa kwa waumini wote Aprili 2025, na Wadaliti wakaingia.

Wapo wanaosema polisi mlangoni mwa Mama ni balaa, kwamba umoja wa kijiji haupatikani kwa amri ya mahakama, kwamba mambo ya mila yaachwe yajirekebishe polepole. Nawaelewa wanapoihofia dola ndani ya nyumba ya ibada. Jimbo hilohilo liliwahi kupitisha sheria mwaka 1950 ya kuzuia kuchinja wanyama mahekaluni, likaisisitiza kwa nguvu mwaka 2003, kisha likaifuta mwaka 2004 baada ya vijiji kulalamika kwamba dini ya wakubwa inatumiwa kuikanyaga dini ya wadogo. Katika hilo vijiji vilikuwa na hoja. Lakini jogoo wa sadaka na mtu aliyezuiwa mlangoni si suala moja. Mila ya kuchinja ni ya wanakijiji wenyewe kuiamua. Mlango haukuwa wa wanakijiji wenyewe, maana baadhi yao hawakuulizwa. Na huo umoja unaosemwa kwamba umevunjwa na polisi, aliyekuwa nje ya uzio hakuwahi kuuona.

Ushahidi kwamba inawezekana kuwa vinginevyo uko huku Afrika. Mwaka 1860 meli ya Truro ilitia nanga Durban ikiwa imewabeba vibarua wa mkataba kutoka Madras (Chennai ya leo), na baada yao walikuja wengine maelfu kwa maelfu kulima miwa. Walitupwa kwenye kambi za mashamba, watu wa matabaka mbalimbali chumba kimoja, kibarua na kibarua. Wakamjengea Mariamman vibanda vya mbao na mabati. Mjini Isipingo, karibu na Durban, sherehe yake ya wakati wa Pasaka bado huvuta umati mkubwa, na mwezi Julai na Agosti Watamili wa huko huandaa uji wa Mama na kuugawa. Matabaka hayakufutika kabisa vichwani mwa watu. Lakini mpaka ule wa mtaa, uliokuwa umechorwa ardhini kwa karne nyingi, haukupata mahali pa kuchorwa upya, na ibada haikufa kwa sababu hiyo. Sisi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam tumezoea zaidi mahekalu ya watu wa Gujarat na Kachchh, yenye lugha na desturi nyingine. Tusidhani tukiyaona hayo tumeuona Uhindu wote.

Leo hekalu dogo linabadilika mbele ya macho ya wenyewe. Fedha za Ghuba na Singapore zimeleta minara ya saruji iliyopakwa rangi za kuwaka, vipaza sauti na taa za umeme. Farasi wa saruji wanachukua nafasi ya farasi wa udongo, kwa sababu hawahitaji kurudiwa. Naona hasara humo, na si ya sanaa peke yake. Farasi asiyeoza humfanya mfinyanzi asihitajike. Mchango wa fedha kutoka mbali huwaondolea vijana wa nyumbani jukumu la kubeba na kuchimba. Hekalu linaweza kuwa kubwa kuliko lilivyowahi kuwa, na papo hapo likaacha kuwadai watu kitu chochote isipokuwa pesa. Siku hiyo litakuwa jengo tu.

Hukumu yangu ni hii. Mahekalu haya yasidharauliwe kwa udogo wake wala yasisifiwe kwa ukale wake. Yapimwe kwa sufuria la uji: ni vyungu vya nani vinavyomiminwa humo, na ni nani anayenywa. Penye kijiji ambako mpiga ngoma anaingia na ngoma yake, mfinyanzi anaingia na farasi wake, na mwanamke wa mtaa wa nje anamimina uji wake pamoja na wenzake, Mama ana wana na wana wana mama. Pasipo hayo, jiwe limevishwa sari bure.

Na kipimo hiki si cha Wahindu peke yao. Karibu na kila mmoja wetu ipo nyumba ya ibada, iwe msikiti, kanisa au hekalu. Uliza nani aliyeijenga, nani anayeifagia, nani anayechota maji na kupika siku ya sherehe. Kisha tazama wanakaa wapi watu hao ibada inapoanza. Ukikuta wamekaa nje, usingoje polisi wala mahakama. Nenda ukawafungulie mlango.